Msaada unao, mwanangu, ila unaufukuza

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, naishi Kimara na mume wangu na watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ana miezi mitano. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni moja mjini Posta. Tangu nimalize likizo ya uzazi nahisi nitapasuka. Naamka saa kumi alfajiri, saa kumi na moja na nusu niko kituoni, saa moja niko mezani. Natoka saa kumi na mbili jioni, tukiwa tunafunga hesabu za mwezi natoka hata saa mbili usiku. Maziwa yakijaa nayakamulia chooni ofisini na kuyamwaga.*

*Mume wangu ni fundi umeme wa kujitegemea, mara nyingi anatangulia kufika nyumbani, lakini hanisaidii. Akimwogesha mtoto hamsafishi nyuma ya masikio, akimvisha anamvisha nguo za kutokea ndiyo alalie, inabidi nimwamshe nimwogeshe upya. Mama mkwe alikuja kutoka Korogwe kunitazama nilipojifungua. Arobaini imepita na hajaondoka. Analala kwenye godoro chini, chumba cha mtoto mkubwa, maana kitanda bado hatujanunua. Anaingilia kila kitu. Ratiba niliyobandika kwenye friji haifuati, anamkanda mtoto mafuta ya nazi, na juzi nimemkuta anamwonjesha uji. Dada wa kazi, ninayemlipa elfu 50 kila mwezi bila kuchelewesha, siku hizi anamsikiliza yeye kuliko mimi.*

*Wiki iliyopita nilimchukua mtoto mgongoni kwa bibi yake, akalia mpaka akakauka sauti. Nikamwambia mume wangu achague: mama yake aondoke au mimi niache kazi. Hajanijibu hadi leo. Jumamosi nasomea CPA, ile mitihani ya uhasibu, Jumapili nina kikoba na mimi ndiye mweka hazina. Wenzangu ofisini wanasema nimeolewa na mwanaume asiyejielewa. Nifanyeje?*

*Mama wa Wawili, Kimara*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kukamulia maziwa ya mwanao chooni na kuyamwaga ni jambo la kumliza mwanamke yeyote, na nimelisoma mara tatu. Pole hiyo ipokee kwa mikono miwili, kwa sababu yanayofuata hayatakupendeza.

Umeandika kwamba mumeo hakusaidii. Sentensi iliyofuata ikanieleza jinsi anavyomwogesha mtoto na kumvisha. Sasa mwanangu, mwanaume aliyetoka kupanda ngazi za watu na kuvuta nyaya juani, akafika nyumbani akajaza beseni maji ya uvuguvugu, akamwogesha mtoto wa miezi mitano, akamvisha na kumlaza, huyo ndiye asiyesaidia? Wewe unafika saa mbili usiku, unamwamsha mtoto aliyekwisha lala, unamvua nguo mbele ya baba yake, unamwogesha upya kwa sababu ya masikio. Hebu mwangalie huyo baba anavyosimama mlangoni na taulo mkononi. Ukifanya hivyo mara kumi, ya kumi na moja hatajaza beseni, na hapo ndipo utakuwa na haki ya kuniandikia kwamba hasaidii. Masikio ya mtoto yanaweza kungoja mpaka asubuhi.

Nije kwa mama mkwe. Hapa nitasema wazi kwamba niko upande wake, na hajaniandikia hata neno moja.

Wewe ni mhasibu, basi fungua daftari. Bibi huyu ameacha nyumba yake Korogwe, kuku wake na shamba lake. Amelala kwenye godoro chini kwa miezi mitano, mgongo ule uliomzaa mumeo. Saa kumi na moja na nusu unapofunga geti, yeye ndiye anayebaki na mtoto hadi usiku. Anamwangalia dada wa kazi, na mkubwa akirudi shule anakuta mtu wa damu yake. Hayo yote umeyaandika kwenye safu gani ya daftari? Kwenye barua yako yamekaa upande wa hasara. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wanawake tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Lakini ukikubali kwamba kazi ya nyumbani ni kazi pale inapofanywa na wewe, huwezi kuiita kuingilia pale inapofanywa na mama mkwe.

Kuna jambo moja nakuunga mkono bila kusita: uji. Mtoto ni maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, na hilo halina majadiliano. Ila usimwambie wewe. Wewe ukisema ni mkwe anamfundisha mzazi kulea. Mtoto akienda kupimwa uzito, mwombe bibi ndiye ampeleke kliniki, nesi amweleze kwa mdomo wake. Atarudi nyumbani yeye ndiye mlinzi wa hiyo sheria, na ole wake dada atakayeleta kikombe cha uji karibu. Mafuta ya nazi mwache apake. Wewe mwenyewe na mumeo mmekandwa kwa hayo.

Na dada wa kazi. Umejisifu kwamba unamlipa elfu 50 bila kuchelewesha. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Januari 2023 kilimtaja mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri, na kikaweka shilingi 60,000. Hata hicho hujakifikia. Halafu unashangaa anamsikiliza bibi? Bibi anakaa naye kutwa nzima, anamwita mwanangu, wanachambua mchicha pamoja. Wewe anakuona usiku, umechoka, unauliza kwa nini ratiba haikufuatwa.

Sasa nikwambie nilichokiona kwenye barua hii, ambacho wewe hujakiona. Kuna mtu mmoja tu anayekudai kuliko anavyostahili, na huyo hujamlalamikia hata kwa sentensi moja. Ni mwajiri wako.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuishia kwenye zile siku 84 za likizo ya uzazi. Kifungu kilekile cha 33 kinasema mama anayenyonyesha aruhusiwe kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, hadi saa 2 kwa siku. Zako ziko wapi? Hujaziomba. Tena unaingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni. Toa saa ya chakula, zinabaki saa 10. Sheria inasema 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na zinazozidi ni za kukubaliana na zinalipwa mara moja na nusu. Wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri wana utaratibu wao, lakini barua yako haionyeshi kama wewe ni mmoja wao. Umemkabidhi bosi saa zako kimyakimya, na unapofika nyumbani unazidai kwa bibi wa watu aliyelala chini.

Najua kwa nini. Ofisini unaogopa. Unaogopa kuambiwa tangu uzae umekuwa mzito, unaogopa meza yako kupewa asiye na mtoto. Nyumbani huogopi, kwa sababu mume na mama mkwe hawawezi kukuandikia barua ya kukuachisha kazi. Basi hasira ya Posta unaipakia kwenye mwendokasi, unasimama nayo mpaka Kimara, unaishusha sebuleni. Hili silisemi kwa kukusimanga. Nimelifanya mimi mwenyewe, na aliyenivumilia amekwisha kufa.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Muheza, mtoto wangu wa kwanza akiwa na miezi minne. Mwalimu mkuu wetu hakutaka kusikia habari ya mtoto. Mama mkwe wangu hakubishana naye. Kila siku saa nne, kengele ya mapumziko ikilia, nilikuwa namwona anakuja kwa njia ya nyuma ya shule, mtoto kamfunga mgongoni kwa kanga mbili, moja ya kubebea na moja ya kumfunika jua. Tulikaa kwenye mzizi wa mwembe uliokuwa nje ya uwanja. Nilinyonyesha, yeye akinipepea kwa upindo wa kanga yake, halafu kengele ikilia tena anamfunga mtoto na kurudi. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, kwenda tu. Nikifika nyumbani jioni namuuliza kwa sauti ya ukali kwa nini nepi hazijaanuliwa. Hakuwahi kunijibu vibaya, na mimi sikuwahi kusema ahsante mpaka alipokuwa hawezi tena kunisikia.

Watu watakuambia mshika mbili moja humponyoka, kwa hiyo chagua kazi au watoto. Siukubali ushauri huo, na kwako siutoi. Bibi zetu walishika jembe, mtungi, kuni na mtoto mgongoni, wala hakuna aliyewaambia waache kimoja. Waliweza kwa sababu mkono mmoja haulei mwana, nao hawakulea kwa mkono mmoja. Sisi wa leo tunaijua methali hiyo kwa moyo, tunaandika hata kwenye kanga, kisha tunajenga nyumba ya vyumba vitatu, tunafunga geti, tunabandika ratiba kwenye friji na kumwita bibi wa mtoto mgeni.

Na tunajiandalia wenyewe. Harusi za siku hizi kamati inakaa miezi, watu wanachangishana mamilioni, ukumbi, mapambo, sare. Kwenye kitchen party bibi harusi anafundwa namna ya kumpokea mume na kumlisha, anapewa masufuria mpaka ya kufungulia mgahawa. Hakuna shangazi hata mmoja anayesimama kumuuliza: siku mtoto ana homa na wote mna kazi, nani anabaki? Mkwe akija kulea atalala wapi? Bwana harusi naye hafundwi kabisa. Anaambiwa awe mvumilivu, anapigiwa vigelegele, anapewa mke. Wa kwako kajifunza mwenyewe kumshika mtoto kwenye beseni. Hana mwajiri wa kumpa hata zile siku 3 za likizo ya baba. Siku asiyofanya kazi ni siku asiyolipwa. Mimi ningekuwa mama yake ningejivunia.

Hao wenzako wa ofisini wanaosema umeolewa na asiyejielewa, wamekwenda kwako mara ngapi wakamkuta anafanya nini? Wanajua unachowaambia tu.

Leo hii, kabla ya kulala, futa ile kauli ya achague. Usiizunguke. Mwambie, "Baba watoto, nilisema maneno mabaya, nayafuta." Hajakujibu kwa sababu halina jibu. Mwanaume unayemwambia amfukuze mama yake ili wewe upumzike, akikubali, ujue siku moja atakufukuza na wewe.

Jumatatu andika barua kwa afisa utumishi. Taja sheria, taja kifungu, omba saa 2 zako uzichukue jioni, uondoke saa tisa badala ya saa kumi na moja, ambapo saa zako 9 za kisheria zinaisha. Foleni ya saa tisa na ya saa kumi na mbili huzifananishi, na bado utafika nyumbani mchana haujaisha. Sema kwa adabu, baki na nakala. Wakikataa kabisa, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, na kazi yake ni hiyo. Omba pia chumba chenye mlango wa kufunga, hata stoo, na sehemu kwenye friji. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono safi na chombo safi hukaa kwenye friji hadi siku 4. Nunua kibegi cha barafu ubebe nyumbani. Usimwage tena.

Mwezi huu pesa yako mwenyewe ya kuchangia kikoba inunue kitanda. Uhazina mkabidhi mwenzako, daftari likiwa limefungwa sawasawa ili asije mtu akakusema. CPA usiiache. Mitihani ya bodi huja Mei na Novemba, ukiruka mmoja mwingine unakuja, na mtoto atakuwa anatambaa. Mwongeze dada mshahara mbele ya bibi, na useme kwamba bibi ndiye amekwambia anafanya kazi vizuri.

Ratiba iondoe kwenye friji. Halafu muulize mama mkwe wako yeye anaonaje siku ya mtoto ipangwe vipi, na umsikilize mpaka mwisho, hata akianza na historia ya mumeo alivyokuwa mdogo.

Na kesho ukifika, usimnyang'anye mtoto mgongoni. Nawa mikono, badili nguo za kazi, kaa kwenye mkeka ubavuni mwa bibi yake na uulize habari za mchana. Mtoto wa miezi mitano anaijua harufu ya maziwa ya mama yake. Atageuza shingo mwenyewe, na bibi ndiye atakayefungua fundo la kanga akukabidhi.