Ukuta wa Barranco: je, kuna kamba?

SWALI: Habari za kazi. Februari tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Nimeona picha za watu wamekumbatia jabali kwenye Ukuta wa Barranco, nyuma yao korongo tupu. Mimi naogopa urefu. Kuna kamba ya kushikilia? Na nikishindwa, itakuwaje?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Nzuri, dada. Kamba hakuna, na kwa kawaida haihitajiki. Ukuta una kimo cha mita 257 hivi. Wengi huumaliza kwa saa moja na nusu hadi mbili. Hupandwa kwa mikono na miguu: viungo vitatu vishike mwamba, kimoja tu ndicho kisogee. Kwa hiyo fimbo za kutembelea zikunje uzifunge kwenye begi tangu kambini Barranco, chini ya ukuta. Kaza mikanda pia, maana begi likiyumba hukuvuta upande wa bonde.

Jabali uliloliona huitwa Jiwe la Kubusu. Njia hapo ni ukingo mwembamba, na jiwe limetokeza kama tumbo, hivyo huwezi kulipita umenyooka. Geuza kifua kwenye jiwe, tandaza mikono, sogeza mguu mmoja kando, ukishakanyaga imara ulete wa pili. Usipishanishe miguu. Ni hatua chache tu, na mwongozaji hukupokea mkono ng'ambo.

Sisi tunahofia zaidi barafu na msongamano. Ukuta uko mashariki mwa kambi, kwa hiyo asubuhi jua huchelewa kuufikia, na mawe yaliyolowa usiku hubaki na utando wa barafu usioonekana. Jaribu kila jiwe kwa soli kabla ya kulitwika uzito. Wapagazi nao hupita na mizigo kichwani wakiwahi Karanga, kambi inayofuata. Akikufikia mmoja, simama, jibane kwenye mwamba, yeye apite nje. Usimpishe kamwe ukiwa wewe ndiye wa ukingoni!

Kuhusu kushindwa: woga mwambie mwongozaji jioni ya kuamkia siku hiyo, akupange nyuma yake na msaidizi nyuma yako. Lakini asubuhi tembea hatua kumi, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Ukipepesuka, usipande, hata kama huna woga hata kidogo. Huenda ubongo umeanza kuvimba kwa sababu ya mwinuko, na hapo tiba ni kushuka mara moja.

Maji usiyamalize ukutani. Ukishafika juu, bado kuna Bonde la Karanga la kushuka na kulipanda tena ndipo uione kambi ya Karanga.