Wastani wa 3.4: je, wetu wanaifurahia shule kuliko wa Marekani?

SWALI: Ni mwalimu wa ushauri nasaha, sekondari ya bweni, Dodoma. Nimetafsiri maswali 8 ya shule kutoka dodoso la 1994 la Huebner, mwanasaikolojia wa Marekani, linalopima jinsi wanafunzi wanavyoridhika na maisha, nikawapa wanafunzi 60. Wastani ni 3.4 kati ya 4. Naweza kuwalinganisha na Wamarekani?

JIBU: Bado, mwalimu. Anza na yale maswali 3 yenye maana ya kinyume. Alama zake hugeuzwa kwa kutoa jibu kwenye 5, hivyo 1 huwa 4. Ukishageuza, kagua neno ulilotumia kwa jibu la chini kabisa. Wengi huandika "kamwe", na hapo ndipo Kiswahili kinapotega. Sentensi ikiwa "Sipendi kwenda shule", mtoto akachagua "kamwe", huenda anasema hapendi hata kidogo, nawe unamhesabu kuwa anapenda! Andika sentensi isiyo na kikanushi ("Shule inanichukiza") na majibu "haitokei", "wakati mwingine", "mara nyingi", "karibu kila mara".

Kisha mtu ambaye hajaona dodoso la asili arudishe tafsiri yako kwenye Kiingereza. Kaa na wanafunzi 8 hadi 10, mmoja mmoja, kila mmoja aeleze swali alivyolielewa. Neno "shule" lenyewe litakusumbua: kwa mtoto wa bweni ni pamoja na maharage, kitanda na foleni ya maji, ilhali anayerudi kwao alasiri hafikirii hayo. Taja kwenye maelekezo unamaanisha nini. Karatasi zisiwe na majina, na zitumbukizwe kwenye sanduku. Wakikukabidhi mkononi watajibu ili kukufurahisha.

Kulinganisha nchi kunadai zaidi: walau wanafunzi 200 kila upande, na majibu ya kila mmoja wao, siyo wastani uliochapishwa tu. Mtakwimu apime kama maswali yanajipanga kwa umbo lilelile, kama yana uzito uleule, kisha kama yanaanzia alama ileile. Kipimo cha CFI, kinachoonyesha jinsi mpangilio huo unavyoendana na majibu, kikishuka zaidi ya 0.01 kati ya hatua na hatua, simama. Hatua ya tatu ikigoma, wastani haulinganishiki. Katika PISA ya 2015, utafiti wa kimataifa wa wanafunzi, wenye miaka 15 walipima maisha yao kwa 0 hadi 10: Jamhuri ya Dominika 8.5, Uturuki 6.1. Sehemu ya pengo kama hilo yaweza kuwa desturi tu ya kuchagua namba za pembeni au za katikati.

Hao 60 walinganishe wao kwa wao: mwanzo wa muhula na wiki ya mitihani, dodoso lilelile, saa ileile.