Kocha, Msome Mchezaji Kabla ya Kumfokea

Makocha wengi wa mchangani mpira tunaujua. Kinachotuangusha ni ile dakika beki anapopokonywa mpira, bao linaingia, na watu pembeni ya uwanja wanasubiri kuona utamfanya nini.

Nafundisha vijana wa chini ya miaka 15 hapa Dar es Salaam. Ushauri wangu wa kwanza: mapumziko yakianza, nyamaza kidogo. Waache wanywe maji, wahemee, wewe watazame tu. Anayelalamika kwa sauti usimhofie, atapoa mwenyewe. Mwangalie yule aliyeinama anafungua kamba za viatu na kuzifunga, anazifungua tena, wala hamtazami mtu. Huyo bado yuko kwenye lile bao. Ukimwanzishia somo la kuziba nafasi, unapoteza pumzi yako. Chuchumaa mbele yake umuulize kitu chepesi: "Winga wao anapenda kuingia ndani na mguu gani?" Akijibu, ujue amerudi mchezoni. Sasa mpe maelekezo, na yawe jambo moja.

Ukimtoa mchezaji, mpe mkono na umwambie sababu palepale. Mtoto asiyeambiwa kitu hujitungia sababu yake, na huwa mbaya kuliko uliyokuwa nayo wewe.

Hii haina maana ya kulea uzembe. Kwangu anayechelewa mazoezi anaanzia benchi, hata awe mfungaji bora. (Kuna wazazi wakiona kocha hafoki wanadhani hajui kazi. Watazoea.) Ila adhabu isitoke ukiwa umepandwa na hasira, maana vijana wanajua kabisa lini unawarekebisha na lini unajitua mzigo wako.

Wakenya wana mfano mzuri wa kocha anayemjua mchezaji wake. Mwaka 2012 mkimbiaji Eliud Kipchoge alikosa nafasi kwenye timu ya Olimpiki ya London. Kocha wake, Patrick Sang, alikuwa amemfahamu tangu akiwa kijana anayemfuata kuomba programu za mazoezi. Sang mwenyewe alipata medali ya fedha Barcelona 1992, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kukosa kitu kwa hatua chache anakujua. Hawakuachana. Mwaka uliofuata Kipchoge alihamia marathoni, akashinda Hamburg, na 2016 akachukua dhahabu Rio. Programu ya mazoezi mtu anaweza kuinakili popote. Kumfahamu mkimbiaji wako kiasi hicho ni kazi ya miaka.

Na hisia zako mwenyewe? Siku nikifika uwanjani nimetoka kugombana na mtu kazini, msaidizi wangu ndiye anayewapasha misuli. Mimi napanga koni, najaza mipira upepo, nikitulia ndio napuliza filimbi. Kama huna msaidizi, mpe nahodha hiyo kazi. Ataifurahia.