Kwa wanaoanza kutafsiri habari: vitenzi vya Kiingereza vya kumwingiza mtu matatani

Ninyi mnaoanza kutafsiri habari na ripoti hapa Mtwara na Lindi mtakutana mapema na vitenzi vya Kiingereza ambavyo kamusi nyingi huvieleza kwa namna moja, yaani kumwingiza mtu katika ugomvi au matatizo. Habari zetu zimejaa mambo hayo: malipo ya korosho yaliyochelewa, mifugo iliyoingia mashambani Kilwa na Liwale, mipaka ya vijiji. Kabla ya kuchagua neno la Kiswahili, jiulizeni ni nani aliyemwingiza mwenzake, na kama Kiingereza kimesema kweli kwamba aliyeingizwa ana kosa.

Kitenzi cha hatari kuliko vyote ni "implicate". Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kukunjia ndani, na katika habari hutumika pale ushahidi au maelezo ya mtu yanapoonyesha kwamba mwingine alishiriki katika uovu. Hata hivyo, hakisemi kwamba mahakama imekwisha kuamua. Chukueni sentensi hii: "The audit implicated two clerks." Mwenye haraka ataandika kwamba ukaguzi umewatia hatiani makarani wawili, ilhali kutia hatiani ni kazi ya mahakama, na kesho yake makarani hao watapita sokoni Masasi wakiitwa wezi. Andikeni kwamba ripoti ya ukaguzi imewataja makarani wawili kuwa walihusika, kisha mseme walihusika na nini, kama imeelezwa. "Incriminate" ni jirani yake, ila huelekea zaidi kwenye jinai, na mara nyingi kinachomponza mtu hapo ni kitu: risiti, ujumbe wa simu, alama za vidole. "Frame" ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa ushahidi wenyewe umetengenezwa. Hilo wananchi walikwisha kulipatia jina, kubambikiwa kesi.

"Embroil" huwapotosha wengi kwa sababu ndani yake wanaona "broil", yaani kuchoma nyama kwa moto mkali, wakadhani kuna mtu aliyeunguzwa. Maneno hayo yana asili tofauti, na hili la ugomvi limetokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuvuruga. Aghalabu mtalikuta katika hali ya kutendwa: "The cooperative is embroiled in a dispute over payments." Chama cha ushirika kimezongwa na mgogoro wa malipo. Sentensi haikusema nani alianza wala nani ana haki, na mimi siafiki kuandika "kimeingizwa", maana msikilizaji wa Newala atauliza papo hapo, kimeingizwa na nani?

"Involve" ni pana na halina lawama, kuhusisha kunatosha.

"Entangle" ni la nyavu kwanza, ugomvi baadaye. Mkitafsiri taarifa kuhusu Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kasa anayeelezwa kwa neno hilo amenaswa kwenye jarife. Kwa mtu aliyebanwa na mkopo au mkataba, kunaswa bado kunafaa, kwa kuwa neno limebeba ugumu wa kujinasua. "Ensnare" huongeza kwamba upo mtego.

Mwisho ni "drag into" na "draw into". La kwanza ni kuburutwa, mtu hakutaka. La pili ni kuvutwa kidogo kidogo, na linalingana sana na habari za wakulima na wafugaji: wazee wanaitwa kusuluhisha kesi ya ng'ombe waliokula ufuta, wanausikiliza upande mmoja kwa muda mrefu kuliko mwingine, na baada ya siku chache wanahesabiwa kuwa wa upande huo. Hakuna aliyewaburuta. Hapo mimi huandika kwamba wazee walijikuta ndani ya mgogoro, isipokuwa pale mwandishi wa Kiingereza alipomtaja aliyewavuta, na akimtaja, jina hilo lisidondoke katika tafsiri.