Kile kisanduku cha kutafuta hakikujiweka hapo: majibu ya maswali yenu kuhusu kesi za Google

Wiki jana niliandika kwamba Google imepatikana na makosa kotini Marekani kwa kuhodhi soko la kutafuta vitu mtandaoni, yaani kulishika lote na kufungia wengine nje, na nikasema hiyo kesi inatuhusu hata sisi wa huku Kisumu. Mmeniandikia mpaka simu ikaisha chaji mara mbili. Siwezi jibu kila mtu lakini haya ndio yamerudi rudi sana.

Mimi ni fundi wa simu Kondele. Kwani ni makosa kuwa namba moja? Si watu wanatumia Google juu ni nzuri?

Fundi, kuwa namba moja si kosa kabisa, na hata jaji mwenyewe, Amit Mehta wa Washington, aliandika wazi kwamba Google imeajiri watu wenye akili na imetengeneza mtambo bora wa kutafuta kuliko wengine wote. Shida ni kitu imekua ikifanya ndio wengine wasipate hata nafasi ya kujaribiwa. Mwaka wa 2021 peke yake Google ililipa dola bilioni 26.3 kwa Apple, Samsung, kampuni za laini na wenye brauza, ndio ukiwasha simu au ukifungua brauza ukute ni yenyewe imeshakaa hapo. Apple peke yake ilipata kama dola bilioni 20 mwaka wa 2022. Sasa jiulize, kama watu wangekuja wenyewe tu juu ni nzuri, hizo pesa zote ni za nini?

Chukulia mtu anauza omena Kibuye, omena yake tamu kweli, hakuna mchanga, halafu kila asubuhi anapitia makondakta wote wa matatu za Ahero anawalipa washukishe abiria mbele ya meza yake pekee. Yule mama wa meza ya pili hata akikaanga vizuri namna gani, nani atamwonja?

Na wewe fundi umefungua maboksi mangapi ya simu mpya? Juzi nilikua nimekaa kwa kibanda fulani karibu na stendi, mama mmoja amenunua simu yake ya kwanza ya kugusa, jamaa akabandua ile nailoni kwa kioo, akaweka laini, simu ikawaka, na kisanduku cha kutafuta hicho hapo juu tayari kinangoja. Mama akauliza, "hapa naandika nini?" Akaambiwa uliza chochote. Akaandika pole pole kwa kidole kimoja, dawa ya kuku anakohoa. Hakuna mtu alimuuliza anataka kutafuta na nini, na sidhani atawahi jua kuna mahali pa kubadilisha. Kotini ilionekana kwamba karibu nusu ya maswali yote Marekani yanapitia hizo njia zilizolipiwa. Hapo ndipo nguvu iko, kwa kile kitu mtu hagusi. Tarehe 5 Agosti 2024 jaji akaamua Google imehodhi soko na imevunja sheria ikilinda hiyo nafasi.

Kama walipatikana na makosa, mbona mambo ni yale yale? Mwalimu, Kakamega.

Mwalimu, hili swali liliniuma pia. Kesi ilipelekwa kotini Oktoba 2020, ikachukua karibu miaka minne kupata jibu la kama kuna kosa, halafu mwaka mwingine kuamua adhabu. Serikali ya Marekani iliomba Google ilazimishwe kuuza Chrome, brauza yake. Septemba 2025 jaji akakataa. Alichofanya ni kupiga marufuku ile mikataba ya kufungia wengine nje, na akaamuru Google igawie washindani sehemu ya data yake ya kutafuta. Lakini kulipa ili uwekwe mbele, hiyo aliiacha. Alisema akili bandia kama ChatGPT zimeleta ushindani mpya, na pia kwamba wanaopokea hizo pesa wangeumia zikikatwa ghafla. Mimi naheshimu koti lakini naona hapo alilegea sana, juu pesa ndio ilikua mzizi wa kesi yenyewe, sasa umepogoa matawi ukaacha mzizi.

Na kuna jambo moja watu hawaliongelei vya kutosha. Chati za ndani za wafanyakazi zilikua zimewekwa zijifute baada ya masaa 24, na walikua wamefunzwa wasiandike maneno fulani fulani yanayoweza kuleta shida kotini. Jaji aliwakemea lakini hakuwaadhibu kwa hilo. Mwalimu, mwanafunzi wako akichana karatasi ya mtihani kabla usahihishe, utampa onyo tu?

Nasikia Ulaya wamewapiga faini mabilioni. Hizo pesa zinaenda wapi na sisi tunapata nini? Mwendesha boda, Bungoma.

Ndugu yangu, zinaingia kwa bajeti ya Umoja wa Ulaya, nchi wanachama zinachanga kidogo kuliko vile zingechanga. Sisi hatupati hata shilingi. Faini kubwa ilikua ya 2018, yuro bilioni 4.34 kuhusu Android, ule mfumo wa Google unaoendesha simu nyingi, ikapunguzwa kidogo kotini 2022. Kosa lilikua kuambia watengeneza simu kwamba wakitaka ile duka ya Play ya kupakua programu lazima waweke pia Chrome na kisanduku cha kutafuta. Kushinda kila mara pia Ulaya hawashindi, maana faini nyingine ya 2019, yuro bilioni 1.49, ilifutwa kotini Septemba 2024.

Lakini angalia hii. Baada ya hiyo ya 2018, mtu wa Ujerumani akiwasha simu mpya ya Android anaonyeshwa orodha achague mtambo wa kutafuta. Android ni ile ile yako. Wewe huonyeshwi orodha, na hakuna sababu ya kiufundi ya hiyo tofauti, ni vile tu huku hakuna mtu amewalazimisha.

Niko na blogu ya habari za Nakuru, matangazo yanalipa kidogo sana. Hii kesi inanisaidia?

Ya matangazo ni kesi nyingine, ya Virginia huko huko Marekani. Aprili 2025 Jaji Leonie Brinkema aliamua Google imehodhi kinyume cha sheria programu ambayo wenye tovuti wanatumia kuuza nafasi za matangazo, na pia soko lenyewe ambapo zinauzwa. Kwa lile soko, kila dola 100 ikipita Google inabaki na kama 20. Dalali wa muuzaji ni yeye, mwenye soko ni yeye. Serikali ya Marekani iliomba Google ilazimishwe kuuza hilo soko. Kwa blogu yako saa hii hakuna kitu kimebadilika, usipange rent ukitegemea hiyo.

Kenya inaweza fanya kitu ama sisi ni wa kuangalia tu? Mwanafunzi, Maseno.

Inaweza, dada. Sheria ya Ushindani iko tangu 2010, inakataza mwenye nguvu sokoni kuitumia vibaya, na adhabu inaweza fika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka ya kampuni hapa Kenya. Mamlaka ya Ushindani iko Nairobi. Wenzetu Nigeria walipiga Meta, wenye Facebook na WhatsApp, faini ya dola milioni 220 Julai 2024, na hapa kwetu Mahakama ya Rufaa ilisema Septemba 2024 kwamba Meta inaweza shtakiwa Kenya hata kama ofisi kuu ziko California. Kwa hivyo ile hadithi ya "hao ni wakubwa, hatuwawezi" mimi siikubali tena. Kwanza tungeanza na kitu rahisi, ile orodha ya kuchagua.

Nibadilishe aje kwa simu yangu? Busia.

Fungua Chrome, bonyeza nukta tatu juu kulia, ingia setingi, tafuta mahali pa mtambo wa kutafuta, chagua mwingine. Mimi nilijaribu DuckDuckGo mwezi mzima. Kutafuta duka hapa mtaani bado narudi Google, juu mitaa ya Kisumu inaijua vizuri zaidi, hiyo lazima niseme. Picha za setingi nitakutumia jioni stima ikirudi.