Mwanangu, kuhusu zile sindano za misuli

Mwanangu,

Uliniuliza kama tafiti za madhara ya steroidi, hizo dawa za kukuza misuli, baada ya miaka mingi zina uzito, au watu wa jimu wanatishwa tu. Ulizonitumia nimezisoma mara mbili. Lakini kila nikishika kalamu, anayenijia ni baba yako mdogo.

Unaikumbuka picha yake ya sebuleni, shati limekatwa mikono kwa mkasi kwa kuwa halikumwingia. Mwaka 1984 nilimsindikiza kwa daktari. Sindano alikuwa akiletewa na mabaharia pale Kilindini. Daktari akamwambia dawa hizo hazijengi misuli, ni maji tu yanajaa mwilini. Hakuyazua, hata Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kilikuwa kimeandika mwaka 1977 kwamba hakuna ushahidi kamili kuwa zinasaidia. Ndugu yangu akautazama mkono wake, kisha akanitazama mimi. Daktari alipofika kwenye moyo na ini, tulikuwa hatumsikilizi tena. Hilo linaniuma mpaka leo. Jaribio la kuridhisha lilitoka 1996: wanaume 43, wengine wakapewa miligramu 600 za testosteroni, homoni ya kiume, kila wiki, na misuli ikakua kweli. Lilidumu wiki 10. Yeye alijidunga miaka tisa.

Nimekwambia tangu uko shule: kabla ya kuuliza wamepata nini, uliza wamehesabu nani. Hakuna atakayeruhusiwa kumpa kijana dozi za jimu miaka 20 aone itakuwaje, kwa hiyo wanahesabu wanaowapata. Mwaka 2017 Wamarekani walipima mioyo ya wabeba vyuma 140. Ya watumiaji 86 ilisukuma asilimia 52 ya damu kwa kila pigo, ya wenzao wasiotumia asilimia 63. Walipimwa mara moja tu, hatujui mioyo hiyo ilikuwaje mwanzo. Denmark walifuatilia wanaume 1,189 walionaswa na dawa hizo kwenye jimu, wastani wa miaka 11, na vifo vyao vikawa karibu mara tatu ya wenzao. Lakini anayethubutu sindano huenda anathubutu mengi, na vifo vingine havikuwa vya maradhi.

Baba yako mdogo naye alivuta sigara, na presha ni ya ukoo wetu. Nilaumu nini? Nikishafika hapo nakumbuka alivyokanyaga visigino vya viatu, miguu imevimba haiingii, na ana miaka 41. Hakuna utafiti uliomhesabu.

Tafiti zina mapengo, ndiyo. Sijaona hata moja iliyosema sindano hizo ziliufaa moyo.

Nilitaka kukuandikia neno moja tu, nimelifuta mara mbili. Una miaka 32, mwili ni wako. Ile mashine ya presha uliyoninunulia bado nzima. Ukija Idi, tutaanza na wewe.

Baba yako