Mwenye gazeti aliyegeuka mwenye viwanja

SWALI: Mhariri habari za kazi. Kijiweni kwetu kuna mzee anatuambia lile bango la Hollywood kule mlimani lilianza kama tangazo la viwanja, na kwamba mmoja wa wenye mradi alikuwa mwenye gazeti. Tumembishia sana. Ni kweli? Na mtu wa magazeti anapataje hela ya kununua milima? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kamwombeni mzee radhi, kasema kweli. Bango liliwekwa 1923 likisomeka HOLLYWOODLAND, ndo jina la mradi wenyewe, usiku linawaka taa karibu 4,000 (hiyo LAND ilikuja kutolewa 1949), na Harry Chandler, mwenye gazeti la Los Angeles Times, alikuwemo kwenye kundi la wawekezaji. Ila mlima kwake ulikuwa cha juu tu, hela yenyewe ilitoka bondeni.

Baba mkwe wake, Harrison Gray Otis, aliingia Times mwaka 1882 na kipindi hicho Los Angeles ni kamji tu, sensa ya 1880 ilikuta watu 11,183. Sasa kwenye kamji kama hako gazeti unamuuzia nani, matangazo unapata wapi? Otis akaamua kuuza mji wenyewe. Kila mwaka kwenye msimu wa baridi Times inatoa toleo nene la kusifia jua na machungwa, linasambazwa mpaka mashariki ya Marekani kwa watu wanaotetemeka kwenye theluji, wakihamia wananunua gazeti, wananunua na kiwanja, bei inapanda, wenye viwanja nao wanakuja kutangaza kwenye gazeti lilelile. Kwa mzunguko huo nani atakaa ahesabu senti za nakala? Kufika 1900 mji una watu laki moja na ushee.

Shida ikabaki maji. Tarehe 29 Julai 1905 Times ikatangaza kwa shangwe kwamba mji utavuta maji kutoka Owens Valley, bonde la mbali kaskazini. Ambacho haikuwaambia wasomaji ni kwamba Otis ana hisa kwenye kampuni iliyokuwa inakamata ardhi kavu ya bonde la San Fernando, kulekule maji yatakakopitia kuingia mjini, na mwenzake humo ni Moses Sherman ambaye, shikeni viti, alikuwa mjumbe wa bodi ya maji ya mji! Mimi hiyo siwezi kuiita bahati.

1909 Chandler, Otis, Sherman na wenzao wengine wakanunua eka 47,500 za bonde hilo la San Fernando kwa dola milioni 2.5, mfereji wa kilomita kama 375 ukafunguliwa 1913, na 1915 sehemu kubwa ya bonde ikaunganishwa na mji ili ipate hayo maji.

Mtauliza, magazeti mengine yalilala? Hapana, Examiner la William Randolph Hearst liliwaumbua mapema tu, Agosti 1905, majina na kila kitu. Lakini kura ya kuruhusu mji ukope hela za mradi wa maji ilivyokaribia, Septemba hiyo, Hearst naye akageuka akaunga mkono mradi, na wapiga kura wakaupitisha kwa zaidi ya kumi kwa moja, maana kiu ni kiu, halafu kila mwenye kiwanja mjini alijua maji yakija na chake kinapanda bei.